Muulize Fundi: Chenso ya zamani inazima ukiikandamiza, na oili haifiki kwenye cheni

Mvua zimekata, watu wameingia msituni, na barua za mwezi huu karibu zote ni za chenso, yani msumeno wa injini. Nimechagua nne. Mbili nimezijibu kwa kirefu mana ndo shida zinazowala watu pesa bure, nyingine mbili kwa kifupi.

Fundi shikamoo. Nina chenso Husqvarna 268, niliinunua used kwa mtu aliyekuwa anaangusha misindano. Asubuhi inawaka vizuri tu, inakaa sailensa (inaunguruma pole pole bila kukandamizwa) kama dakika mbili tatu, alafu yenyewe inaanza kupanda resi bila kuguswa. Ukikandamiza mafuta inavuta pumzi kama inataka kuzima na mara nyingine inazima kweli. Kabureta nimeshaiosha mara nne. Skrubu ya L nimeifungua mpaka mizunguko mitatu ndo angalau inakubali. Fundi wa hapa ananiambia nitafute kabureta mpya, nifanyeje? — Msomaji, Njombe

Marahaba mdogo wangu. Kabureta usinunue kwanza, na asante kwa kuitaja hiyo mizunguko mitatu, mana hapo ndo umenipa jibu.

Kwenye mashine nyingi za zamani za aina hiyo, skrubu za petroli, L ya mwendo wa chini na H ya mwendo wa juu, zinaanzia mzunguko mmoja. Yani unafunga skrubu taratibu mpaka iguse chini, usiikaze, alafu unairudisha mzunguko mmoja, hapo injini inatakiwa iwake na ikae karibu na sawa, kinachobaki ni robo robo za kurekebisha. Sasa mashine ikikulazimisha ufungue mizunguko mitatu ndo ipumue, maana yake kuna hewa inaingia mahali pengine ambapo hapajapita kwenye kabureta, na wewe unaongeza petroli kuifukuzia hiyo hewa. Hutaifikia. Injini ikipata moto upenyo unatanuka, hewa inazidi, ndo mana inapanda resi yenyewe baada ya dakika mbili.

Na hili naomba ulichukulie kwa uzito, hizi injini hazina oili yake ya chini kama gari. Oili inayolainisha pistoni inakuja ndani ya petroli. Petroli ikipungua na oili imepungua hapo hapo. Kwahiyo ukiendelea kuikatia miti ikiwa kwenye hali hiyo, ipo siku itashika na utakuta silinda imechanika mistari upande wa ekzosi. Iweke chini kwanza mpaka umalize haya ninayokuambia.

Ifuate njia ya hewa na ya petroli kuanzia mwanzo mpaka mwisho, usirukeruke. Anza na ule mpira unaounganisha kabureta na silinda. Mashine ikikaa miaka, mpira ule unapata joto la silinda upande mmoja na petroli upande wa pili, unakauka. Uvue kabisa. Ukiutazama ukiwa umekaa hivi hivi utasema mzima, mimi nimeshaona wengi hivyo. Utoke nao nje juani, uukunje kwa vidole gumba viwili, uugeuze na ukunje upande mwingine. Ufa wenyewe unakuwa mwembamba kama mkato wa wembe, unafunguka ukikunja na unajifunga ukiachia, ndo mana mtu anaosha kabureta mara nne na shida iko pale pale. Ukiuona huo ufa usipake gundi, petroli inaila gundi ndani ya siku chache na vipande vinavutwa kwenye silinda. Nunua mpya.

Mpira ukiwa mzima, angalia njia ya mapigo. Kabureta ya chenso haina bakuli la mafuta na boya kama ya pikipiki, ndo mana unaweza ukailaza mashine ubavu ukakata na isizime. Badala ya boya ina dayaframu, na dayaframu ya kupampu petroli inachezeshwa na mapigo ya hewa yanayotoka chini ya pistoni. Pistoni ikishuka inasukuma, ikipanda inavuta. Kanjia kenyewe ni kadogo, na kakipasuka au gasketi ikakaa vibaya ikakaziba, pampu haina nguvu na sailensa inayumba.

Alafu ndo oili sili mbili za krenki, yani mipira inayoziba hewa pale krenki inapotokea nje, moja nyuma ya klachi, nyingine nyuma ya flaiwili. Kipimo cha haraka kisichohitaji kifaa: iwashe ikae sailensa, iinamishe upande wa klachi, kisha upande wa kamba, kisha pua chini. Sauti ikibadilika sana ukiigeuza, kuna hewa inavuja, au kile kikono cha ndani ya kabureta hakiko sawa, nitakieleza mbele kidogo. Mimi gereji nina kile kibofu cha kubinya cha kupimia presha ya damu. Naziba ekzosi na mdomo wa silinda unapokaa mpira wa kabureta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli nikivibana na boluti zake, pistoni naishusha chini kabisa, naingiza hewa kwa tundu la plagi mpaka mshale ufike 300, alafu napaka maji ya sabuni kwenye sili zote mbili. Mshale ukishuka haraka na mapovu yakitokea pale nyuma ya klachi, basi kabureta ya watu haina kosa lolote.

Sasa kabureta yenyewe, kwasababu umeshaifungua mara nne nina wasiwasi na ulivyoifunga. Kabla hujaitoa tena piga picha kwa simu kila hatua, ni bure na inasaidia kuliko kukumbuka. Upande wa dayaframu ya kupimia, ile ya pili inayopima petroli ya kuingia, gasketi inakaa kwanza kwenye mwili wa kabureta, dayaframu inafuata juu yake, ukigeuza umeharibu kimo chote cha kile kikono. Dayaframu yenyewe iguse. Nzima inakuwa laini, inacheza bila sauti. Iliyochoka ukiibonyeza karibu na sikio inalia kama karatasi ya biskuti, na hiyo haioshwi ikapona, inabadilishwa. Ubavuni mwa kabureta pamechapwa jina, Tillotson au Walbro au Zama, na herufi na namba zake. Nakili zile namba uende nazo dukani, unanunua kiti ya kabureta, yani dayaframu, gasketi, sindano na wavu wake. Bei ya kiti haifiki hata robo ya kabureta mpya unayoambiwa ununue.

Chini ya dayaframu utaona kikono kidogo kinachoinua sindano ya kuingizia petroli. Kwenye Tillotson za familia ya HS kikono kinatakiwa kilale usawa mmoja na sakafu ya kile chumba, weka rula ndogo uone. Kikiwa juu sana petroli inazidi, mashine inalowesha plagi, na kikiwa chini petroli haitoshi na inakata ukikandamiza, sawasawa na unavyolalamika wewe. Kwenye kabureta nyingine kimo kinatofautiana, kwahiyo usichukue kipimo cha moja ukakipeleka kwa nyingine. Na kwenye upande wa pampu kuna kawavu kadogo kama ukucha wa mtoto, watu wengi wanaosha kabureta nzima wanakaacha kale, na ndiko uchafu wote umelala.

Usichokonoe matundu kwa waya wala sindano ya kushonea. Yale matundu yamepimwa, ukilikwaruza moja limeshaongezeka na hakuna skrubu itakayolirudisha. Petroli safi na upepo wa kompresa vinatosha, ila toa dayaframu kwanza kabla ya kupuliza.

Usisahau tanki pia. Mpira wa petroli unaotoka tankini huwa unapasuka pale pale unapopenya kwenye ukuta wa tanki ambapo hapaonekani, uvute uone. Kichujio cha mwisho wa mpira kikiwa cheusi badilisha. Na kama mashine inafanya kazi robo saa alafu inakufa, ukifungua kifuniko ukasikia "fsss" na ikawaka tena, basi ni kitundu cha kuingizia hewa tankini kimeziba, hapo hata usiguse kabureta.

Ukimaliza yote hayo ndo urudi kwenye skrubu. Filta ya hewa iwe safi, cheni imenolewa, injini imepata moto dakika kama tano. L ifunge na kufungua pole pole mpaka upate pale sailensa ilipo juu zaidi, alafu ifungue kidogo kama moja ya nane ya mzunguko. Kandamiza, inatakiwa ipokee hapo hapo. Skrubu ya sailensa irekebishe mpaka cheni isimame kabisa, cheni inayotembea kwenye sailensa imeshakata miguu ya watu. H ndo ya hatari. Kandamiza mpaka mwisho bila mzigo kwa sekunde chache tu na usikilize, inatakiwa iwe na sauti inayokatikakatika kidogo, kama inabwabwaja, na ukiingiza kwenye gogo ile sauti inajisafisha inakuwa moja. Ikiwa inalia nyembamba na safi kama filimbi kabla hata haijagusa mti, umefunga mno, fungua mara moja. Vijana wengi wanaipenda ile sauti nyembamba wanasema mashine ina nguvu, kumbe ndo inaungua.

Fundi habari za kazi. Mimi ni mzee wa huku Mufindi, nina chenso nimekaa nayo miaka mingi. Siku hizi cheni inatoa moshi, baa (lile bamba cheni inapozungukia) imeanza kuwa ya bluu mdomoni na cheni inalegea kila baada ya magogo mawili. Tanki la petroli linaisha, nikifungua la oili nakuta bado limejaa nusu na zaidi. Nimeambiwa pampu imekufa na pampu ya mashine yangu haipatikani. — Msomaji, Mafinga

Shikamoo mzee wangu. Pampu inaweza kuwa imekufa, ila kwa mashine nilizofungua mimi pampu huwa ya mwisho kwenye foleni, na mara nyingi inakutwa nzima kabisa.

Kipimo chako cha matanki ni kizuri sana na ningependa kila mtu awe nacho. Tanki moja la petroli likiisha, la oili linatakiwa liwe linakaribia kuisha. Likibaki nusu, cheni yako inakimbia kavu. Kipimo kingine, iwashe, elekeza pua ya baa kwenye kisiki kikavu au boksi jeupe, mbali kama shubiri, usiguse, kandamiza robo tatu. Ndani ya nusu dakika inatakiwa uone mstari wa matone. Usipouona, zima, vua kifuniko cha upande na baa.

Sasa hapo baa ikiwa imetoka, iwashe tena kwa uangalifu bila cheni na uangalie kile kitundu oili inapotokea kwenye mwili wa mashine. Hiki kipimo kimoja kinakugawia shida nusu kwa nusu. Ila kuna pampu zinazozungushwa na krenki moja kwa moja, hizo zinatoa oili hata sailensa, na nyingine zinazungushwa na kengele ya klachi, hizo hazitoi mpaka ukandamize na klachi ishike, kwahiyo kandamiza kidogo kabla hujahukumu. Oili ikitoka pale vizuri, pampu yako nzima mzee wangu, shida iko kwenye baa. Tazama kile kitundu cha baa, huwa kimejaa unga wa mbao uliochanganyika na oili ukakauka ukawa kama ugali wa jana. Kizibue kwa waya, hapa waya ruksa, na mfereji wote wa baa ukwangue kwa kipande cha bati kuanzia nyuma kwenda puani. Ukiirudisha igeuze juu chini ili ilike sawasawa pande zote mbili. Na kama uliwahi kununua baa ya mashine nyingine ikaingia tu kwasababu matundu ya boluti yamekubali, angalia kitundu cha oili cha baa kinalingana na cha mashine, mana kisipolingana oili yote inamwagika chini na wewe unadhani haitoki.

Oili isipotoka hata kwenye mwili, rudi tankini. Ndani kuna mpira wenye kichujio mwishoni, uvute kwa waya uliokunjwa kama ndoano. Mara nyingi kichujio kinatoka kimefunikwa na tope jeusi, na mpira umekuwa mgumu umepasuka shingoni, kwahiyo pampu inavuta hewa badala ya oili. Hiyo hewa haionekani popote, tanki limejaa na cheni kavu. Alafu kuna kitundu cha kupumulia cha tanki. Kama oili inatoka dakika kumi za mwanzo alafu inakata, legeza kifuniko kidogo, ikirudi basi umeshapata.

Ikishindikana hapo ndo uende nyuma ya klachi. Klachi za chenso nyingi zinafunguka kinyume, yani kwa kuzungusha upande ambao kawaida unakaza, na nyingi zimechorwa mshale. Watu wamezivunja kwa kutojua hilo. Kuizuia injini isizunguke toa plagi, vuta kamba mpaka pistoni ipite tundu la ekzosi ikienda juu, ingiza kamba laini ya katani kwa tundu la plagi, ndo ufungue. Usitumie bisibisi, itatoboa pistoni. Nyuma ya klachi kuna gia ndogo yenye mzunguko kama wa skrubu, ndo inazungusha kapistoni ka pampu. Ikiwa ya plastiki angalia meno, yakiwa yamelika au imepasuka ikawa inazunguka bure, nunua hiyo gia tu, pampu iache. Na kabla ya yote hayo igeuze mashine uangalie chini kama kuna skrubu ya kuongeza na kupunguza oili, siyo zote zinayo ila mashine kubwa nyingi za zamani zinayo, inawezekana mtu aliipunguza kubana matumizi.

Sasa nikuulize mzee wangu, unatumia oili gani? Mana huku kwetu karibu kila mtu anatumia oili chafu iliyotolewa kwenye malori, na bei naijua, sikulaumu. Ila ile oili imebeba vumbi la chuma la injini iliyotoka, na pampu ya chenso imetengenezwa na nafasi ndogo sana, inalika. Haina kunata, ikifika puani inarushwa yote, kwahiyo ile sehemu inayochoma zaidi ndo inayokosa. Na inakurukia mikononi na usoni siku nzima, oili chafu ya injini ina vitu vinavyoleta kansa ya ngozi kwa anayeigusa miaka na miaka. Kama oili ya cheni haipatikani, oili mpya ya injini SAE 30 inafaa. Oili nzito ya gia, ile 90, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba wakati baridi limekaza haivutiki, utaona kabisa tanki halishuki mpaka jua litoke. Mafuta ya alizeti nayo yanalainisha vizuri na hayadhuru mtu wala ardhi, ila usiyaache ndani mashine ikilala wiki kadhaa, yanaganda kama gundi kwenye pampu.

Baa iliyokuwa ya bluu piga tupa kingo zake ziwe bapa, na ukiona cheni inalala ubavu ndani ya mfereji, hiyo baa imekwisha.

Kaka fundi, mashine yangu ilifungwa vizuri sana Makete, nimekuja nayo Ifakara kukata mitiki, siku ya tatu imenoki, pistoni imeshika. Petroli ileile, oili ileile. Kosa liko wapi? — Msomaji, Ifakara

Pole sana kaka. Kosa liko kwenye hewa. Makete mko juu ya mita 2000, hewa huko ni nyepesi, imepungua karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Fundi alifunga H mpaka ikalingana na ile hewa kidogo, na alifanya sawa kabisa kwa Makete. Umeshuka bonde la Kilombero, mita kama mia mbili na kitu, hewa ni nzito, kila pumzi injini inavuta hewa nyingi na petroli ni ileile ya mlimani. Ikakimbia ikiwa imekauka, na joto la huko na mti mgumu juu yake. Ukishuka fungua H kwanza kama robo mzunguko kabla hata hujaanza kazi, kisha isikilize na urekebishe, ukipanda unaifunga. Kwa sasa vua ekzosi uchungulie pistoni kwa tochi. Ikiwa na mikwaruzo upande huo tu na silinda imepakwa aluminiamu juu juu bila kuchimbika, mara nyingine silinda inasafishika ukabadilisha pistoni na ringi, usiitupe kabla hujaonyesha fundi.

Fundi, mimi ni mama mwenye shamba la miti, mashine ni yangu ila wanaoitumia ni vijana wa kukodi. Kila mmoja anachanganya petroli na oili kwa macho, mwingine anasema ikiwa nyekundu inatosha. Nipe kipimo nisimamie mwenyewe. — Msomaji, Makete

Mama yangu umefanya vizuri kuuliza, rangi siyo kipimo, kila kampuni inatia rangi yake. Kama oili ya tuti, yani ile ya kuchanganya na petroli, ni ile nzuri iliyoandikwa moja kwa hamsini na mashine yako inakubali hivyo, ni mililita 20 kwa lita moja, dumu la lita 5 ni mililita 100. Kama ni oili ya tuti ya kawaida na mashine ni ya zamani, weka moja kwa ishirini na tano, yani mililita 40 kwa lita, dumu la lita 5 ni mililita 200. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa za mifugo, la kwako, lisiguse dawa, basi kwa moja kwa ishirini na tano ni mabomba mawili kwa kila lita, na kwa moja kwa hamsini ni bomba moja. Oili ya gari usiruhusu iingie humo.

Kuna kijana atakuambia tuzidishe oili mashine ilainike zaidi. Mkatalie, mana oili ikizidi petroli inayopita kwenye kile kitundu cha kabureta ndo inayopungua, plagi inajaa masizi na injini inapata joto. Na ukibadilisha kipimo lazima kabureta isikilizwe upya.

Changanya ya kutosha wiki mbili tatu tu, isizidi mwezi. Tingisha dumu kabla ya kumimina kila mara. Dumu la petroli liwe la rangi moja na la oili ya cheni rangi nyingine kabisa, uandike kwa maka pembeni, mana mashine mbili nilizoletewa mwaka huu zilikuwa zimetiwa oili ya cheni kwenye tanki la petroli na mtu aliyekuwa na haraka jioni.